Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto
Na Mwandishi Wetu

SARATANI inayovimbisha taya za watoto imefahamika kwa miongo mingi katika ukanda wa Ziwa Victoria, ikiwamo iliyokuwa Mara Kaskazini, ambayo leo ni wilaya za Tarime na Rorya. Ugonjwa huo huitwa limfoma ya Burkitt, ingawa si wengi wanaoyajua maisha ya daktari mwenye jina hilo.

Denis Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi jijini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili alipelekwa Uganda, akafanya kazi Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye alimkuta mwingine wa namna hiyo Jinja. Alianza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza.

Mwaka 1961, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari takriban wiki 10 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani iliyopatikana ilionesha kuwa uvimbe huo hustawi penye joto na mvua ya kutosha, na hukosekana nyanda za juu zenye baridi. Ilishabihiana mno na ramani ya malaria.

Sampuli kutoka Uganda ziliwawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kutangaza, mwaka 1964 jijini London, kirusi kilichopewa jina la Epstein-Barr.

Baadaye ilibainika kinachotokea ndani ya seli. Kwa kawaida seli hugawanyika inapopokea ishara, na hutulia ishara ikikoma. Katika limfoma hii, jeni iitwayo MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, na amri ya kugawanyika haizimiki tena. Jeni hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa nne alizotumia Shinya Yamanaka wa Japani mwaka 2006 kuzirudisha seli komavu za panya katika hali inayofanana na seli shina za kiinitete. Amri inayosaidia kujenga mwili ndiyo inayoweza kuuangamiza.

Mara nayo ina nafasi yake katika historia hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili kupima kama kudhibiti malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa walipungua, lakini kwa kuwa upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kugawiwa, jaribio halikumaliza ubishi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kujipatia umaarufu mwingine kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 23, 1993, nchini Uingereza.

Urithi wake mkubwa ni kuonesha kuwa pale kisu cha upasuaji kiliposhindwa, dawa ziliweza kuyeyusha uvimbe huo. Hadi leo mtoto anayefikishwa hospitali mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Anayecheleweshwa nyumbani, kwa kudhaniwa anaumwa jino, hupoteza siku asizokuwa nazo.