John Wesley: Mhubiri Aliyeiogopa Mali

John Wesley alizaliwa mwaka wa 1703 mjini Epworth, Uingereza, mwana wa kasisi aliyewahi kufungwa kwa sababu ya madeni. Alipokuwa Oxford, alijikimu kwa pauni 28 kwa mwaka. Pato lilipopanda kutoka pauni 30 hadi 120, matumizi hayakubadilika, na ziada yote ikawaendea maskini. Mwaka wa 1739 aliwahubiria wachimba makaa wa Kingswood uwanjani. Hata hivyo, mafunzo yake ya bidii na uwekevu yaliwatajirisha Wamethodisti wengi, nao wakawa na mkono wa birika. Jambo hilo lilimsononesha uzeeni. Alipofariki mwaka wa 1791, maskini sita walilibeba jeneza lake, kama alivyousia, kwa ujira wa pauni moja kila mmoja.