DAKTA STOREY, TABIBU WA MIHOGO NA MAHINDI

Tumezoea kusoma maisha ya wafalme, washairi na wapigania uhuru. Leo mimi nawaletea habari za bwana mmoja ambaye hakushika upanga wala hakutunga shairi. Kazi yake ilikuwa ni kuchunguza majani yaliyougua. Msimcheke! Huku kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, mtu anaponunua muhogo wa kuchoma uliotiwa ndimu na pilipili, au kipakiti cha kachiri, huenda anafaidi jasho la bwana huyo na wala hamjui hata kwa jina.

Bwana huyo ni Harold Haydon Storey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1894. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1894, Mjerumani mmoja aitwaye Warburg aliandika habari za ugonjwa wa muhogo uliokuwa katika milima ya Usambara, kule Tanganyika. Majani yalikuwa yakijikunja na kuwa na madoa ya kijani na manjano, na mizizi ikawa membamba kama vidole. Ugonjwa huo siku hizi twauita batobato. Basi adui na tabibu wakaanza kujulikana mwaka mmoja.

Storey alisomea mambo ya mimea, na katika miaka ya 1920 alikuwa akifanya kazi Durban, Afrika Kusini. Huko mahindi yalikuwa na ugonjwa wa milia. Jani huchorwa mistari myeupe kutoka chini hadi juu, mmea hudumaa, na gunzi likitoka ni tupu au lina punje za kuhesabu. Watu hawakujua unatoka wapi. Storey akaonyesha kwamba unaletwa na virusi, na virusi hivyo hubebwa na kidudu kidogo kirukacho kama panzi, chenye urefu wa kama milimita tatu tu. Mwaka 1928, yeye na mwenzake Bottomley wakaonyesha pia kwamba ugonjwa unaodumaza njugu hubebwa na vidukari.

Mwaka huo wa 1928 akahamia Amani, kituo cha utafiti kilichojengwa na Wajerumani mwaka 1902 juu ya milima ya Usambara, karibu na Tanga. Kutoka huku kwetu Mombasa si mbali: ni kuvuka Lungalunga, kushuka Tanga, kisha kupanda mlima. Hapo ndipo alipofanya mambo makubwa.

Kwanza alirudi kwa kile kidudu cha mahindi. Alikuwa ameona jambo la kushangaza: si kila kidudu kiliweza kuambukiza. Vingine vilifyonza jani lile lile gonjwa, lakini vikihamia mmea mzima haviuambukizi. Akavizalisha, vyenye uwezo na visivyo na uwezo, na mwaka 1932 akaeleza kwamba uwezo ule unarithiwa kutoka kwa wazazi, kama mtoto anavyorithi rangi ya macho. Halafu mwaka 1933 akafanya kioja. Alichukua vidudu visivyo na uwezo, akavitoboa utumbo kwa sindano nyembamba sana, na kumbe sasa viliweza kuambukiza! Yaani ukuta wa utumbo ndio uliokuwa ukizuia virusi visipite. Hebu fikiria kumdunga sindano mdudu wa milimita tatu bila kumuua. Si mchezo.

Nawaambia habari hii kwa sababu ndani yake mna siri ya kazi yake yote: kupata au kutopata ugonjwa ni jambo linaloweza kurithiwa. Kama ni hivyo kwa mdudu, je, kwa mmea?

Hapa nieleze kidogo. Mmea hauna damu wala hauna askari wanaozunguka mwilini kama sisi. Ukishambuliwa hauwezi kukimbia. Kila chembe ya mmea hujilinda yenyewe, na maagizo ya kujilinda yamo katika jeni, zile chembe za urithi ambazo mzazi humpa mtoto. Jeni nyingine ni kama bawabu anayemjua mwizi kwa sura. Akimwona tu, chembe iliyovamiwa hujiua pamoja na adui, na kwenye jani hubaki kidoa kidogo kikavu. Jani limepoteza tone, lakini mmea umepona. Jeni nyingine hazimzuii adui kuingia, bali humzuia asienee mwili mzima.

Sasa turudi kwenye muhogo. Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini kwa majahazi ya Wareno. Huko kwao haukuwa na batobato, kwa hivyo ulipofika Afrika ulikutana na adui wa kigeni bila kinga ya kutosha. Tena twaupanda kwa vijiti, si kwa mbegu. Ukikata kijiti kwenye mti mgonjwa, umepanda na ugonjwa wake. Wadudu nao, inzi weupe, wanausambaza toka shamba hadi shamba.

Katika miaka ya 1930, Storey na mwenzake Nichols walikusanya mihogo ya kutoka nchi nyingi na kuipanda Amani. Hawakupata hata mmoja usioguswa kabisa na ugonjwa. Wakafikiria jamaa za muhogo, na mmoja wao ni ule mti wa mpira wa Ceara, ambao nao asili yake ni Brazili. Mti huo ulikuwa na kinga nzuri, lakini mizizi yake hailiki. Wakauchavusha na muhogo. Watoto wa kwanza walikuwa na kinga lakini mizizi yao ilikuwa duni. Wakawarudisha watoto hao kwa muhogo, kisha tena, kisha tena hadi mara tatu, kila mara wakichagua wale waliobaki na kinga na kuongeza mizizi. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwaka 1936, katikati ya shughuli hizo, Storey akaeleza ugonjwa wa pili wa muhogo, ule wa michirizi ya kahawia unaoozesha mzizi ndani huku nje waonekana mzuri. Ukiukata ndio walia.

Nichols alifariki mwaka 1951, na Jennings akaiendeleza kazi hiyo hadi 1957. Miongoni mwa mihogo waliyoipata mmoja hata jina haukuwa nalo, ulikuwa na nambari tu: 46106/27. Lakini wakulima hawali nambari. Hapa pwani ya Kenya ukaitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania uko muhogo uitwao Namikonga, ambao unastahimili sana michirizi ya kahawia, na wataalamu walipochunguza jeni zake wakakuta Namikonga na Kaleso ni kitu kimoja! Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Kizazi chake kikazaa mihogo ya kituo cha Ibadan, na mmoja wao ndio uliosaidia Uganda katika miaka ya 1990, wakati batobato kali ilipofagia mashamba na watu wakakosa chakula. Waganda waliuita Migyera.

Storey hakuishia kwenye muhogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya utafiti ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Mwaka 1949 kutu ya mahindi kutoka Amerika ilionekana Afrika Magharibi, na kufikia 1952 ilikuwa imefika Afrika Mashariki. Kutu hii hupenda joto, kwa hivyo sisi watu wa pwani ndio tulio mdomoni mwake. Storey na wenzake wakatafuta mahindi ya Amerika ya Kilatini, ambayo yamezoeana na kutu hiyo tangu zamani, na wakapata ndani yake jeni moja ya kinga, wakaipa jina Rpp1. Wakafurahi. Lakini furaha haikukamilika, maana palionekana aina ya pili ya kutu ambayo bawabu yule hakuijua. Ikabidi kutafuta jeni nyingine, Rpp2, iliyoweza kuzizuia zote mbili.

Hilo kwangu ndilo fundisho kubwa la maisha yake. Kinga ya mmea si ukuta wa Fort Jesus, ujengwe mara moja ukae karne nyingi. Na hata Fort Jesus yenyewe ilitekwa. Vijidudu navyo vina jeni, navyo hubadilika. Jeni moja peke yake ni kufuli moja, na mwizi akipata ufunguo wake amemaliza. Ndiyo maana wazee wetu waliopanda mihogo ya aina tatu au nne katika shamba moja hawakuwa wajinga.

Mwaka 1946 Storey alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo hutolewa kwa wanasayansi wachache. Hata uzeeni hakuacha. Mwaka 1967, akiwa na umri wa kama miaka 73, yeye na Howland walieleza jinsi kinga dhidi ya ile milia ya mahindi, ugonjwa wake wa ujanani, inavyorithiwa. Alifariki mwaka 1969. Hakuona mwaka 1983, wataalamu walipothibitisha virusi vya batobato na kuzisoma herufi za jeni zake, tena virusi vilivyochukuliwa hapa hapa Kenya.

Jambo moja haliniishi moyoni. Wale waliolima Amani, wakamwagilia maji na kuhesabu maelfu ya miche pamoja na mabwana hao, walikuwa Waafrika, lakini majina yao hayajulikani kama la Storey. Sifa zake ni za haki, simnyimi. Lakini nao wana haki yao.

Basi wenzangu, wale mnaosema baiolojia haina faida na kilimo ni cha walioshindwa na masomo, fikirini tena. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia bado uko mashambani, na jeni za kuushinda kabisa bado zinatafutwa. Safari hii atakayezipata huenda akawa mtoto wa Likoni, na jina lake tutaliandika lote.