Gustav Kirchhoff: Aliyesoma Mistari Myeusi ya Jua

Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alifundisha kuwa binadamu hatajua kamwe nyota zimeumbwa kwa vitu gani. Hoja yake ilionekana nzito, kwani nani angekwenda huko kuchota kipande akilete? Mtu aliyeipindua hoja hiyo hakwenda mbali. Leo tunatazama maisha yake.

Gustav Kirchhoff alizaliwa tarehe 12 Machi 1824 mjini Königsberg, Prussia, mtoto wa mwanasheria. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1845, alitunga kanuni za umeme ambazo vijana wetu wa sekondari wanazisoma hadi leo. Mwaka 1854 alihamia Chuo Kikuu cha Heidelberg, akafanya kazi bega kwa bega na rafiki yake, mkemia Robert Bunsen.

Wakati huo ilijulikana kuwa mwanga wa jua ukipita katika kioo cha pembetatu hutawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, na kwamba kati ya rangi hizo kuna mistari myembamba myeusi. Joseph Fraunhofer alikuwa ameichunguza kwa mamia tangu 1814, ila chanzo chake kilikuwa fumbo. Ilijulikana pia kuwa chumvi ikitiwa motoni hutoa mwanga wa manjano, mahali pale pale penye mistari miwili myeusi ya jua.

Mwaka 1859 Kirchhoff alipitisha mwanga wa jua katika mwali wenye chumvi. Mwanga ulipokuwa hafifu, manjano ya mwali yaliijaza ile mistari miwili. Alipouongeza, mistari ikawa myeusi kuliko mwanzo! Mwali unaotoa mwanga ulikuwa unaleta giza.

Hakulipuuza jambo hilo. Alitambua kuwa kitu kinachotoa rangi fulani hufyonza rangi ile ile. Mwali wa chumvi una joto dogo kuliko jua, kwa hiyo hufyonza zaidi ya unavyotoa. Vingekuwa na joto sawa, kutoa na kufyonza vingelingana na mstari ungetoweka. Basi, mstari mweusi ni ishara kwamba usawa haupo: mwanga wa sehemu yenye joto kali umepita katika gesi iliyopoa zaidi. Ndivyo ilivyo kwenye jua lenyewe, na gesi yake ya nje ina sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Comte alikuwa amefariki miaka miwili tu kabla.

Kwa njia hiyo Kirchhoff na Bunsen waligundua elementi mbili mpya, sizi mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861. Huko Roma, Padri Angelo Secchi, Mjesuiti, alizigawa nyota zaidi ya 4,000 katika makundi kwa kuangalia mistari yake.

Kisha yakaja majaribu. Mwaka 1868 Kirchhoff aliumia mguu, akawa mtu wa magongo na kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata mkewe Clara alifariki, akamwachia watoto wanne. Hakuacha kufundisha. Mwaka 1875, kazi za maabara zikiwa zimemwia ngumu, alikubali kufundisha fizikia ya nadharia mjini Berlin, akaendelea huko hadi afya ilipomshinda. Alifariki tarehe 17 Oktoba 1887.

Aliacha swali moja: vitu vyote vyenye joto sawa hufuata kanuni gani katika kutoa mwanga? Max Planck, aliyeshika nafasi yake Berlin, alilijibu mwaka 1900, na fizikia mpya ikaanza. Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kuwa mwanga unaweza kuichochea atomu iliyokwisha kupewa nishati itoe mwanga zaidi. Hivyo, kitu kikisukumwa mbali sana na usawa, atomu za namna hiyo zikawa nyingi kuliko zilizotulia, mwanga unaopita haufyonzwi bali huongezeka. Leza ya kwanza, mwaka 1960, ilisimama juu ya msingi huo.

Sisi tunaosoma maisha yake tunajifunza jambo moja. Yaliyokwenda kinyume na alivyozoea hakuyafuta daftarini. Aliyakalia kwa subira mpaka yakamfundisha. Nasi katika masomo na katika malezi tusiharakishe kuliita giza kosa, kabla hatujauliza linatuambia nini.