Ewald Ovir

Ewald Ovir alizaliwa mwaka 1873 katika kisiwa cha Saaremaa, nchi ya Waestonia, mbali sana kaskazini ya Ulaya. Alipokuwa kijana alijitoa kwa kazi ya misioni, akafundishwa mjini Leipzig. Mwaka 1895 alifika Kilimanjaro, akakaa kati ya Wachaga.

Mwezi wa Oktoba 1896 yeye na mwenzake Karl Segebrock walishika njia kwenda mlima Meru, pamoja na Wachaga wachache, ili watafute mahali pa kujenga misioni. Mangi Matunguja aliwapokea vema, wakapiga hema zao Akeri. Lakini si mbali na hapo Kapteni Johannes wa serikali ya Kijerumani alikuwa amepiga kambi na askari wake. Wapiganaji wa Meru na Arusha walipowatazama Wazungu wale, hawakuona tofauti kati ya mwenye bunduki na mwenye kitabu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wakashambulia, wakawaua Ovir, Segebrock, na baadhi ya Wachaga. Ovir hakutimiza hata miaka 24.

Ndipo serikali ikalipiza kisasi kikali: watu wengi waliuawa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatwaliwa. Hivyo wasio na hatia walikufa pande zote.

Mwaka 1902 wamisionari walirudi Meru, wakajenga Nkoaranga, na watoto wa nchi ile ile wakaanza kusoma. Basi aendaye kwa watu kwa amani na aangalie ni nani aliye karibu naye njiani.