Gipir, Mzee wa Waalur
Wazee wa Waluo walioko Uganda husimulia habari za Gipir, mzee wa kwanza wa Waalur. Siku moja tembo aliingia shambani. Gipir akatwaa mkuki wa Labongo nduguye, akamchoma; tembo akakimbia nao mwilini. Labongo alikataa mkuki mwingine wowote. Basi Gipir akaufuata mwituni kwa taabu nyingi, akarudi nao, pamoja na shanga alizopewa na kikongwe.

Baadaye mtoto wa Labongo alimeza ushanga mmoja. Gipir naye akakataa fidia. Mtoto akapasuliwa, akafa. Ndugu wakazika shoka huko Wang Lei, karibu na Pakwach, wakaachana. Gipir akavuka mto Nile kwenda magharibi. Mkuki ulirudi, na ushanga ulirudi. Mtoto hakurudi, wala undugu.