Sørensen: Mwana wa mkulima aliyeupa uchachu kipimo

WAKULIMA wa miwa wa Awendo, Kaunti ya Migori, na wenzao wa Ndhiwa, Homa Bay, wanafahamu kwamba muwa ukishakatwa hausubiri. Ukicheleweshwa, bakteria na hamira huuvamia, maji yake huchacha na sukari hupungua. Kiwandani nako maji ya miwa hutiwa chokaa ili kupunguza asidi, na kiasi cha chokaa huongozwa na kipimo cha pH.

Aliyebuni kipimo hicho ni Søren Peter Lauritz Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyezaliwa Januari 9, 1868, katika kijiji cha Havrebjerg, babake akiwa mkulima. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen akinuia kuwa daktari, lakini akavutiwa na kemia na kuiacha tiba. Alipata shahada ya uzamifu mnamo 1899. Miaka miwili baadaye alimrithi Johan Kjeldahl kama mkuu wa idara ya kemia katika Maabara ya Carlsberg, iliyoanzishwa mnamo 1875 na mmiliki wa kiwanda cha bia, J. C. Jacobsen.

Miongoni mwa mambo aliyoyachunguza humo ni kimeng'enya cha hamira kinachoivunja sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi. Kasi ya kazi hiyo ilibadilika kulingana na asidi, lakini kuhesabu jumla ya asidi iliyotiwa hakukutosha kueleza tofauti hizo. Sørensen alionyesha kwamba kinachotawala ni ioni za haidrojeni zilizo huru kwenye maji. Kwa kuwa tarakimu zake zilijaa sufuri, mnamo 1909 alibuni kipimo chepesi: 7 si asidi wala alkali, chini ya hapo ni asidi, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi.

Baada ya kifo chake, wanasayansi waliutumia urithi huo kuichungulia seli ya hamira yenyewe. Walibaini kwamba maji yanayochacha yanaweza kushuka hadi pH 4, ilhali ndani ya seli iliyoshiba hubakia karibu na 7. Utando wake una pampu za protini zinazofukuza ioni hizo nje, na nyingine huzisukuma katika kifuko kilichomo ndani ya seli. Kazi hiyo hula sehemu kubwa ya nishati yake. Chakula kikiisha, pampu hulegea na asidi ndani ya seli huongezeka.

Hiyo pia ndiyo siri ya siki kuhifadhi vyakula. Asidi yake hupenya utando kabla ya kuachilia ioni zake, kisha huziachilia ndani na kuichosha seli.

Sørensen alishirikiana na mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen, katika utafiti wa protini. Alistaafu mnamo 1938 na kuaga dunia Februari 12, 1939, bila kutunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, mkulima wa Migori au Homa Bay anayepeleka udongo wa shamba lake kupimwa ili ajue iwapo unahitaji chokaa, huletewa jibu kwa tarakimu za mwana huyo wa mkulima.