Bibi Elizabeth Keckley, Fundi Aliyenunua Uhuru Wake

Ndugu msomaji, labda nyumbani kwako kuna sindano na uzi. Labda umewahi kushona gauni la mtoto, au kutia kiraka kwenye shati la kwendea shamba. Sindano ni kitu kidogo. Bei yake ni ndogo, na ikianguka chini ni taabu kuiona. Lakini katika somo hili utasoma habari za mwanamke ambaye kwa sindano alinunua uhuru wake na uhuru wa mwanawe. Jina lake ni Elizabeth Keckley. Aliishi Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

1. Mtoto wa mtumwa

Elizabeth alizaliwa mwaka 1818 katika jimbo la Virginia. Wakati ule watu weusi wengi wa kusini mwa Marekani walikuwa watumwa. Wazee wao walikamatwa Afrika wakavushwa bahari kwa nguvu. Mtumwa aliuzwa na kununuliwa kama ng'ombe. Mtoto wa mama mtumwa naye alikuwa mtumwa, hata kama baba yake alikuwa mtu huru.

Mama yake Elizabeth aliitwa Agnes. Alikuwa mtumwa wa tajiri mmoja aliyeitwa Burwell. Baba mzazi wa Elizabeth alikuwa tajiri huyo huyo, lakini jambo hilo halikumwokoa mtoto. Aliyempenda kama baba ni George Hobbs, mume wa Agnes. George alikuwa mtumwa wa bwana mwingine. Siku moja bwana wake alihamia mbali, akamchukua. Hawakuonana naye tena. Zilikuja barua tu. Katika barua zake George alihimiza mtoto ajifunze kusoma.

Elizabeth alipofika miaka minne alipewa kazi ya kulea mtoto mchanga wa bwana. Alikibembeza kitanda kwa nguvu, mtoto akaanguka. Elizabeth akachapwa viboko. Fikiri, ndugu msomaji: yaya mwenyewe alikuwa bado mtoto wa kulelewa.

Agnes alishona nguo za watu wote wa nyumba ile, mabwana na watumwa. Elizabeth alikaa karibu naye, akatazama mikono yake. Hakuwa na shule ya ushonaji. Mama alimpa mwanzo tu. Mengine alijifundisha mwenyewe kwa kukata, kushona, kukosea na kurudia. Cherehani za nyumbani zilikuwa bado hazijaenea. Kila mshono ulishonwa kwa mkono.

Elizabeth alijifunza pia kusoma na kuandika. Haikuwa rahisi. Mwaka 1831 jimbo la Virginia lilitunga sheria ya kuwakataza watu weusi kukusanyika ili wafundishwe kusoma. Darasa kama hili lako lingekuwa kosa la kuchapwa viboko. Lakini mwaka 1838, akiwa mbali na mama yake, Elizabeth alimwandikia barua yeye mwenyewe.

2. Sindano yalisha watu 17

Alipokuwa msichana alipelekwa kwa mtoto wa bwana wake, katika jimbo la North Carolina. Huko alipigwa mara nyingi ili avunjike moyo. Mzungu mmoja alimwingilia kwa nguvu kwa muda wa miaka minne. Elizabeth akazaa mtoto wa kiume, akamwita George.

Baadaye alirudishwa Virginia, akawa chini ya binti wa bwana yule na mumewe, Bwana Garland. Mwaka 1847 familia hiyo ilihamia mji wa St. Louis, kando ya mto Mississippi. Fedha ziliwaishia. Wakataka kumtoa Agnes, ambaye sasa alikuwa mzee, akafanye kazi kwa watu wengine ili mshahara wake uwe wao.

Elizabeth alikataa mama yake asumbuliwe. Akaomba aende yeye. Akaanza kuwashonea magauni wanawake wa mji ule. Kazi yake ilikuwa safi. Gauni lilikaa mwilini bila kuvuta wala kulegea. Sifa zake zikaenea. Kwa miaka miwili na miezi mitano alilisha watu 17 kwa sindano yake. Watu hao walikuwa mabwana zake pamoja na watumwa wao. Yeye mwenyewe hakubaki na kitu.

3. Bei ya uhuru

Elizabeth akajiuliza: kama naweza kulisha watu 17, kwa nini nisijikomboe? Akamwomba Bwana Garland amtajie bei yake na ya mwanawe. Bwana akakataa. Alipozidi kumwomba, bwana alitoa sarafu ya fedha mfukoni akampa, alipe nauli ya kivuko. Ng'ambo ya mto lilikuwa jimbo lisilo na utumwa.

Elizabeth hakuichukua. Hakutaka kutoroka na kuishi kwa hofu ya kukamatwa. Alitaka uhuru wa sheria, wenye hati iliyoandikwa. Mwishowe bwana akataja bei: dola 1,200 kwa wote wawili. Zilikuwa fedha nyingi sana.

Wakati huo aliolewa na James Keckley. Mume huyu alikuwa amesema kwamba ni mtu huru. Kumbe alikuwa mtumwa, tena mlevi. Elizabeth akawa na mzigo mwingine, na fedha hazikuwekeka.

Bwana Garland alikufa. Elizabeth akapanga kwenda New York kuomba msaada. Mkewe Garland akakubali, lakini akataka wanaume sita watie sahihi kwamba watalipa kama Elizabeth hatarudi. Watano walitia sahihi. Wa sita alikubali kutia sahihi, lakini alisema waziwazi kwamba anaamini hatarudi. Maneno hayo yalimchoma Elizabeth. Akaikataa sahihi ya mtu asiyemwamini. Akarudi nyumbani analia, akaona mlango umefungwa.

Siku hiyo hiyo mmoja wa wanawake aliowashonea alifika kwake. Alisema ni aibu Elizabeth kwenda kuomba kwa wageni wakati wako watu wanaomjua. Akachangisha fedha kwa wenzake mpaka zikatimia. Mwaka 1855 Elizabeth na George wakapata hati zao. Elizabeth alisema fedha zile ni mkopo, si zawadi. Akashona mpaka akalipa deni lote.

4. Katika nyumba ya Rais

Mwaka 1860 Elizabeth aliachana na mumewe akaenda mji wa Baltimore. Alitaka kufungua darasa la kuwafundisha wasichana weusi kupima, kukata na kushona magauni kwa njia yake. Darasa halikufaulu. Baada ya wiki sita aliondoka akiwa na nauli tu ya kumfikisha Washington, mji mkuu. Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Washington alianza kwa kutafuta kazi nyumba kwa nyumba. Punde wake za wakubwa wa serikali wakamjua. Mwezi Machi 1861 Abraham Lincoln akawa Rais wa Marekani. Mkewe, Bibi Mary Lincoln, alihitaji mshonaji. Walikuja wanawake kadhaa, akamchagua Elizabeth.

Gauni la kwanza lilikuwa la rangi ya waridi, la kuvaa kwenye karamu. Elizabeth alichelewa kulileta. Bibi Lincoln alikasirika, akasema hatashuka kwa wageni. Elizabeth hakujibizana. Akamwomba amvalishe tu. Gauni likakaa vizuri kabisa, na Rais mwenyewe akalisifu. Tangu hapo kazi ikawa yake. Katika miezi michache tu alimshonea magauni 15 au 16. Akaajiri wanawake wengine wamsaidie.

5. Msiba na msaada

Mwaka huo huo vita vilianza kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Sababu kubwa ilikuwa utumwa. George, mwana wa Elizabeth, alikuwa anasoma chuo cha Wilberforce katika jimbo la Ohio. Aliacha masomo akajiunga na jeshi la kaskazini. Aliuawa vitani tarehe 10 Agosti 1861. Alikuwa mtoto pekee wa Elizabeth.

Elizabeth hakukaa na huzuni tu. Watumwa wengi walikuwa wanakimbilia Washington bila chakula, nguo wala mahali pa kulala. Mwaka 1862 alianzisha chama cha wanawake weusi cha kuwasaidia. Bibi Lincoln alitoa dola 200. Mwaka 1865 vita vilikwisha, Rais Lincoln akauawa kwa risasi, na utumwa ukafutwa kwa sheria nchi nzima.

6. Kitabu chaleta hasara

Mwaka 1868 Elizabeth alitoa kitabu cha habari za maisha yake. Alitaka pia kumtetea Bibi Lincoln, ambaye watu walikuwa wanamsema vibaya. Lakini ndani ya kitabu zilichapishwa barua za siri ambazo Bibi Lincoln alimwandikia. Bibi Lincoln aliumia sana. Urafiki wao ukafa. Watu wengi walimlaumu Elizabeth, na wateja wakapungua. Kalamu, kama mkasi, inafaa kutumiwa kwa uangalifu. Kitambaa kikishakatwa hakirudi.

7. Mwalimu wa ushonaji

Je, unakumbuka darasa lililoshindwa Baltimore? Mwaka 1892, miaka 32 baadaye, chuo cha Wilberforce kilimwita Elizabeth akawe mkuu wa mafunzo ya ushonaji. Ni chuo kile kile alichosoma mwanawe. Alikuwa na umri wa miaka 74. Akawafundisha vijana wa kike weusi kazi aliyojifundisha mwenyewe utumwani. Mwaka 1893 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago.

Baadaye aliugua akarudi Washington. Aliishi katika nyumba ya kutunzia wanawake na watoto maskini. Alikufa tarehe 26 Mei 1907, akiwa na miaka 89. Hakuacha mali. Lakini aliacha wanafunzi wenye ufundi mikononi, na kitabu ambacho watu wanakisoma hata leo.

Ndugu msomaji, Elizabeth alinyang'anywa mshahara, mwili wake na uhuru wake. Ufundi wake hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Na alipoutoa kwa wengine, haukupungua. Wewe nawe unao ujuzi fulani. Labda ni kushona, kusuka mikeka, kufinyanga au kuhunzi. Yuko kijana karibu nawe anayeitazama mikono yako. Mwite akae karibu.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kwa nini Elizabeth aliikataa sarafu ya kivuko? Wewe ungefanya nini?
2. Kwa nini aliikataa sahihi ya mtu wa sita?
3. Kwa nini sheria iliwakataza watu weusi kukusanyika ili wafundishwe kusoma?
4. Taja ufundi mmoja ulioko kijijini kwenu. Nani atawafundisha vijana?